Mwalimu wa Nidhamu na Nyuso Zetu

Mtu wa kwanza kunitoa damu usoni alikuwa mwalimu wa nidhamu wa sekondari yetu, na mtu wa kwanza kunifundisha kuutunza uso huohuo alikuwa ni yeye. Watu wakinisikia nikisema hivyo hudhani naandaa maneno mazuri ya msibani. Kwanza, hajafa. Pili, mimi si mtu wa maneno mazuri. Nasuka nywele Majengo, na mteja akitingisha kichwa namgonga na kitana.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, na uso wake ulikuwa umeliwa. Chunusi za ujana wake zilikuja, zikakaa, zikaondoka na nyama. Mashavuni palibaki mashimo, na mvua ikimnyeshea uliona maji yakitafuta njia. Wanafunzi tulimwita Lami Mbovu. Kwa siri, bila shaka. Kijana mmoja wa kidato cha nne alisikika akilitamka jina hilo karibu na maktaba, na kwa muda mrefu baada ya hapo alikula chakula chake akiwa amesimama.

Fimbo yake ilikuwa ya mti wa kahawa. Wakati wa kupogolea alichagua mwenyewe tawi lililonyooka, akalimenya, akalikausha juu ya jiko. Mkahawa haukatiki, hupinda na kurudi. "Mti unaokulipia ada ndio huohuo unaokufunza," alikuwa akisema, kisha anakuambia ushike ukuta. Hakupiga kwa hasira. Hilo ndilo lililotutisha. Alipiga kama mtu anayepasua kuni za jioni, akihema taratibu, na akimaliza anakuuliza kama umekunywa uji.

Sasa habari ya uso wangu. Kidato cha pili chunusi zilinivamia, paji lote la uso na taya mpaka shingoni, nyingine zenye usaha. Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa kama kuku mgonjwa. Asubuhi moja nikapaka poda ya mtoto wa dada yangu ili nifiche. Mwalimu wa nidhamu akaniona mstarini. Sheria za shule zilikataza vipodozi, na yeye alipoona weupe usoni aliona kipodozi tu, hakuona kilichokuwa chini yake. Akanivuta kwa sikio mpaka kwenye bomba mbele ya shule nzima, akachukua sabuni ya mche na brashi ya kusugulia sakafu ya bweni, akanishika kisogo, akasugua. Nilipiga kelele. Chunusi zikapasuka, maji yakashuka mekundu kwenye shati langu jeupe. Alipoona damu akaacha, akatazama brashi, akasema, "Nenda ukabadilishe shati." Hayo tu. Nikaenda nikabadilisha shati. Makovu ya siku ile ninayo mpaka leo, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nilimaliza shule, nikapanga chumba Majengo, nikafungua kibanda cha kusuka. Chunusi hazikunihurumia kwa kuwa nimekua. Nilipaka dawa ya meno, nikapaka ndimu, nikapaka jivu, nikapaka krimu za kijana mmoja aliyekuwa na meza ng'ambo ya kibanda changu. Yule alichanganya mwenyewe kwenye ndoo, akapakia kwenye vikopo visivyo na jina. Wiki ya kwanza uso unakuwa laini kama wa mtoto, unajiona malkia. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, nyekundu, jua likikugusa unalia, na ukiiacha krimu chunusi zinarudi na ndugu zake wote.

Mchana mmoja nikaona mzee mrefu amesimama mbele ya meza ile. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ameshastaafu, amerudi kwake Kirua Vunjo, lakini mgongo ulikuwa uleule wa mstarini.

"Hii umechanganya na nini?" akauliza.

"Mzee, nunua au upite."

"Nimekuuliza umechanganya na nini."

"Siri ya biashara, mzee wangu."

Mwalimu akaweka kikopo chini polepole, akashika meza kwa mikono miwili, akaipindua. Vikopo vikaviringika mpaka kwenye mtaro, ndoo ikamwagika, na yeye akaanza kuvikanyaga kimoja kimoja kama mtu anayeua mende. Muuza krimu akamrukia. Mzee akampiga kichwa cha pua, nikasikia mfupa. Kijana akaokota benchi akamshushia begani, mzee akaenda chini, akainuka, akachukua guu la meza. Ndipo mtu mmoja, sijui nani, akapiga kelele, "Mwizi!"

Anayeishi mjini anajua neno hilo linafanya nini. Watu walitoka kwenye vibanda na mawe, mmoja akaja anaburuta tairi. Jiwe la kwanza lilimpata mzee juu ya sikio. Mimi huyu niliyemchukia nikajikuta katikati ya barabara na kitana mkononi, napiga kelele mpaka sauti ikakauka: "Si mwizi! Ni mwalimu! Amenifundisha mimi!" Nilimpiga mwenye tairi kwa kitana mkononi, akaliachia. Mzee mmoja fundi cherehani akamtambua naye, akaanza kuwafokea vijana. Mawe yakaanguka kutoka mikononi mwao.

Mwalimu alikuwa ameketi chini, damu inamtiririka kwenye mashimo ya shavu. Akaniangalia. "Wewe," akasema. "Poda. Bado unapaka?"

Nilitamani niokote jiwe moja nimalize kazi.

Nilimwosha jeraha ndani ya kibanda, kwa mikono mizito makusudi. Hapo niligundua jambo ambalo sikulijua: aligeuza kiti akae akikipa kioo kisogo. Alinyoa ndevu kwa kupapasa, na kwake, nilikuja kujua baadaye, hakukuwa na kioo hata kimoja. Nilipomaliza akasema nitoe simu. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Nakuingiza kwenye gurupu." Nilikubali kwa sababu moja tu, nipate mahali pa kumtukana mbele za watu.

Gurupu hilo la simu, la vijana wenye chunusi, lilianza kwa janga. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akiishi naye, alichoka na uso wake akajipaka dawa ya kusafishia choo. Mzee alimkuta bombani akilia, ngozi ya shavu inabambuka. Na unajua alifanya nini kwanza? Alimzaba kofi. Kofi kwanza, halafu akambeba mgongoni mpaka barabarani kutafuta gari. Hospitalini daktari wa ngozi, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, alitazama lile shavu lililoungua, akaona alama za vidole juu yake. Akauliza, "Na huyu aliyempiga yuko wapi?" Mwalimu alijibu, "Ni mimi." Daktari hakumgombeza. Alimwambia mtoto huyu si wa kwanza, na wengine huona aibu kuja, wanaulizana kwenye simu na kudanganyana. Mjukuu alipopona kiasi, akamfungulia babu yake gurupu, akamwonyesha pa kubonyeza, kisha akaenda zake chuoni Dodoma. Mzee akabaki msimamizi wa nyuso za vijana wa mlima mzima.

Kila asubuhi sauti yake iliingia, imekwaruza kwa usingizi: "Nyuso zimeamkaje?" Nasi tunajibu. Hakutaka majina halisi wala picha ya uso mzima. Kila mmoja alipewa jina la ndizi. Mimi nilikuwa Mshare. Kulikuwa na Kisukari, Mzuzu, Kimalindi, na kijana mmoja aliyepewa Mkono wa Tembo akaomba abadilishiwe kwa sababu wasichana walikuwa wanacheka. Akakataliwa. Ijumaa jioni daktari alikuja kujibu maswali, na daktari akishasema, mjadala umefungwa. Kazi ya mzee ilikuwa kulinda mlango. Aliyeingiza tangazo la krimu alifukuzwa kabla hajamaliza kuandika, na sauti nzito ilimsindikiza: "Toka nje! Nje kabisa! Nikikukuta Himo nitakuvunja!"

Mafundisho yenyewe yalikuwa machache, akiyarudia mpaka tukayaota. Osha kwa sabuni laini, asubuhi na jioni, kwa vidole. Usitumbue. Dawa ni ile aliyoandika daktari, na uipe miezi, maana chunusi haiogopi mtu mwenye haraka. "Uso si sufuria," alisema, "hausuguliwi." Mara ya kwanza kuisikia sentensi hiyo kwa sauti yake nilitupa simu kitandani. Niliiokota nikaandika tusi refu, nikalifuta, nikaandika jingine. Mwishoni nikatuma swali kuhusu makovu. Alinijibu vizuri. Sikujua kama anakumbuka brashi au anakumbuka poda tu.

Adhabu hakuziacha. Aliyetumbua chunusi aliamriwa kupalilia shina la mgomba na kutuma picha. Waliokaa mjini bila migomba walifua mashuka. Na tulitii! Watu wazima tuna vitambulisho vya kupigia kura, tunapalilia kwa sababu ya chunusi moja ya kidevuni. Nadhani wengi wetu hatukuwahi kuona mtu mzima anayeuchukulia uso wetu kuwa jambo zito. Nyumbani huambiwa, acha ujinga, hizo zitaisha zenyewe. Yeye alikuwa anapigana nazo kama zimemwibia ng'ombe.

Lakini kitu alichokichukia kuliko krimu kilikuwa sentensi moja. Kwetu mtu akiota chunusi husemwa ana hamu. Mvulana huambiwa akatafute mke zitapona. Msichana huambiwa mwili umeshaonja wanaume, uchafu unatokea usoni. Siku moja Mkono wa Tembo aliniandikia kwa utani, "Mshare, tafuta mume zikauke." Sauti iliyofuata ilinitikisa hata mimi nisiye na hatia. Mwalimu alifoka mpaka akaishiwa pumzi, akakohoa, akaendelea. "Kuna watoto wanauawa kwa maneno hayo! Wanauawa!" Kijana aliondolewa, akarudishwa kesho yake baada ya kupalilia mstari mzima.

Nilidhani ametia chumvi. Halafu akaingia msichana, akapewa Mlali.

Mlali alikuwa na miaka kumi na sita, yatima wa mama, akiishi na baba yake dereva wa lori upande wa Holili. Aliandika kidogo sana. Aliuliza maswali ya kawaida, sabuni gani, nioshe mara ngapi. Siku nyingine akauliza kama kuna dawa ya kuficha chunusi zisionekane kwa siku mbili tu. Daktari akamuuliza kwa nini siku mbili. Akajibu, "Baba anarudi kutoka safari." Hatukulala vizuri wengi wetu usiku huo. Mwalimu akamwomba namba ya jirani na kumwelekeza pa kukimbilia, akampa namba yangu pia.

Jumapili baada ya ibada ikaingia sauti ya Mlali. Ilikuwa fupi, na nyuma yake mlango unapigwa. "Mwalimu, anasema leo nitamtaja mwanaume au ataniua."

Simu yangu ililia hapohapo. "Mshare, uko wapi? Nikute Himo." Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa. Mwalimu alikuwa ameshafika njia panda, na fimbo ya mkahawa mkononi, amefunga koti la kanisani mpaka shingoni. Njiani nilimpigia jirani, akasema kelele zinasikika lakini wanaume hawapo. Mwalimu alikuwa anapiga fimbo kwenye kiatu chake.

Tuliwakuta uani. Mlali alikuwa amepigishwa magoti kwenye changarawe, nyusi moja imepasuka, damu imemfunga jicho. Baba yake amemshika nywele kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ana kipande cha mpira wa maji, na anapiga mgongoni huku anauliza, "Ya nani? Chunusi hizi ni za nani? Mtaje!" Mpira ulikuwa unalia hewani kabla ya kutua. Sauti hiyo ninaisikia hata sasa nikifua nguo.

Mwalimu akasukuma geti. Yule baba akageuka, akamtazama, na nikaona uso wake unabadilika. Aliachia nywele za mtoto. Akanyoosha mgongo, akaficha mpira nyuma ya mgongo wake, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, na ndevu zake.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba," akajibu Mwalimu, na fimbo ikamkuta mdomoni.

Nilisikia jino. Fimbo ya pili ikampata shingoni, ya tatu kwenye mkono ulioinuka kujikinga, na mpira ukaanguka. Mwalimu hakupiga kama zamani, kama mpasua kuni. Alipiga kwa chuki, anapumua kwa kinywa, mate yanamtoka. Alimwangusha akamfuata chini. Nami nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimemkumbatia Mlali, nasema moyoni ongeza, ongeza.

Yule baba alikuwa amejikunja kama nyungunyungu. Akatema damu, akapiga kelele, "Mwalimu, si ni wewe? Si ni wewe ulinichapa mbele ya shule kwa barua ya msichana? Si ulisema mwili ukianza tamaa dawa yake ni fimbo? Mimi namlea kama ulivyonilea!"

Fimbo ilikuwa juu. Ikabaki juu. Niliona macho ya mzee yanatafuta kitu hewani, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na hajui nani ameita. Pale pale yule baba akatambaa mpaka kwenye shina la mgomba, akachomoa panga lililokuwa limechomekwa humo, akageuka nalo. Mwalimu akainua mkono wa kulia kujikinga. Vidole viwili vikaanguka kwenye changarawe.

Panga likainuka tena. Mlali akanichomoka mikononi, akamrukia baba yake mguuni, akamng'ata kwa meno yote. Panga likapita pembeni likakata kamba ya nguo. Majirani wakaingia kwa kelele, wakamlalia yule baba, wakamfunga kwa kamba ileile. Mimi nilifunga mkono wa mzee kwa khanga yangu na damu ikapita khanga ikanilowesha mpaka tumboni. Yeye alikuwa anamtazama yule baba tu. "Nakumbuka barua ile," akasema. "Ilikuwa na mwandiko mzuri."

Polisi, Mwalimu alisema ukweli, kwamba aliyeanza kupiga ni yeye. Yule baba akakaa ndani, kisha akatoka kwa dhamana. Afisa wa ustawi akaandika kwamba Mlali akae kwangu wakati mambo yanaangaliwa. Kwa hiyo chumba changu cha Majengo kikawa na watu wawili, kitanda kimoja na kioo kimoja. Asubuhi tuliosha nyuso kama tulivyofundishwa, kwa vidole, yeye kwenye ndoo na mimi kwenye beseni. Alilala akiwa ameshika pindo la gauni langu. Mlango ukigongwa aliingia chini ya kitanda.

Gurupuni Mwalimu alinyamaza kwa siku nyingi. Aliporudi alisema, "Nyuso zimeamkaje? Yule baba nilimfundisha mimi." Tangu siku hiyo hakumwadhibu mtu tena. Aliyetumbua alimwuliza tu kama inauma, na nakuambia ukweli, ilikuwa heri mgomba.

Wazee wa pande zote mbili walianza maneno ya suluhu, kama kawaida yetu, na msimu wa kuchuma kahawa ulipofika tukaitwa Kirua Vunjo, nyumbani kwa Mwalimu. Nilipanda na Mlali. Njia nzima alikuwa ananiuliza kama atarudishwa. Nikamwambia sijui. Kwa kweli nilikuwa nimeshaona kwamba wazee wakikaa, mtoto hurudishwa. Kama ningejua njia ya kumficha ningemficha.

Tulikaa uani, kahawa imeanikwa kwenye vichanja, mtori wa ndizi uko jikoni. Mwalimu alikuwa amepungua, mkono wa kulia uko mapajani, vidole vitatu. Baba yake Mlali akaja kwa miguu kutoka barabarani, amevaa suti, na mkononi ameshika isale lililofungwa fundo. Kwa asiye wa huku, isale ni jani refu la kijani, limepandwa mpakani mwa kila kihamba, yaani shamba la ukoo. Mtu akikuletea isale anakiri kosa na anaomba msamaha, nawe huwezi kulikataa. Anayekataa isale, hata watoto wake watakiona cha mtema kuni. Hivyo tulilelewa, Wakatoliki kwa Walutheri.

Akapiga magoti mbele ya Mwalimu, akampa isale kwa mikono miwili. Mzee akalipokea kwa mkono wa kushoto. "Nimepokea," akasema. "Nami nilikutia jeraha kabla hujanitia." Wazee wakaitikia. Vikombe vikaanza kuletwa.

Kisha Mwalimu akamgeukia Mlali. "Binti, yameisha. Isale halikataliwi. Chukua mkoba wako, urudi na baba yako."

Nilihisi mkono wa Mlali unapoa ndani ya wangu. Huyu ni mzee aliyepoteza vidole vyake kwa ajili ya mtoto huyu, na sasa anamrudisha kwa sababu ya jani. Nikafungua mdomo nitukane. Lakini Mlali akatangulia. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu. Isale hilo ni lako. Mimi sijaletewa."

Wazee wakanguruma. Baba yake akacheka kwa pua. "Mtoto haletewi isale na mzazi wake. Imeanza lini?"

"Na mwanafunzi?" nikasema. Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Mwanafunzi naye haletewi na mwalimu wake? Nilisuguliwa uso kwa brashi ya sakafu mbele ya shule nzima. Nilikuwa na miaka kama ya huyu. Tazameni, hapa, na hapa, na hapa. Isale langu liko wapi?"

Mzee mmoja akaniambia nikae, nina ulimi mbaya. Mwalimu aliinuka kwa shida, akatembea polepole mpaka mpakani mwa kihamba, tukamwona anainama kwenye masale. Alirudi na jani moja. Alijaribu kulifunga fundo kwa vidole alivyobakiwa navyo, likamteleza, akalishika kwa meno, akavuta. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha akapiga magoti mbele yangu, magoti yale yakalia, na akanitazama usoni, si pembeni.

"Nilikukosea mbele za watu," akasema. "Niliona damu, nikaona nimekosea, nikakutuma ukabadilishe shati. Leo nakuomba mbele za watu."

Nililia kwa sauti kama mtoto mdogo, sikujali wazee. Nikalipokea jani, lilikuwa limelowa mate yake. Nikamwambia nimemsamehe, na ilikuwa kweli. Halafu nikamwambia, "Lakini Mwalimu, kukusamehe si kukurudishia kisogo changu ukishike."

Akatikisa kichwa kukubali. Akabaki palepale chini, akamgeukia yule baba.

"Umeona nilipolichuma," akamwambia. "Yapo mengi."

Baba yake Mlali akasimama. Alitazama wazee, akamtazama binti yake, mdomo unamcheza palipokosekana jino. Nilidhani atampiga. Mlali naye alidhani hivyo, alikuwa ameshainua mkono usoni. Lakini mwanaume akafunga kifungo cha koti, akaanza kutembea kuelekea mpakani. Alifika kwenye masale, akapita kando yake, bega lake likiyasukuma majani, akatoka barabarani. Hakuchuma.

Mwalimu alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. "Mtoto abaki," akawaambia wazee, na hakuna aliyebisha.

Mlali alishusha mkono wake usoni taratibu. Akaniuliza tunarudi nyumbani saa ngapi. Nikamwambia tunakula mtori, halafu tunateremka Majengo.